Uso Uliotaka Kupiga Chafya

Jichobega liliamka kabla Eliaichi hajamaliza kufunga mlango. Lilinyoosha shingo yake ya chuma laini juu ya bega la kulia, likageuka huku, likageuka kule, na kuanza kuwinda mwanga. Katika Dodoma ile ya minara, ambako hata taa za barabarani zilikuwa na akili zao, chombo hiki kidogo kama yai la kanga ndicho kilichokuwa jembe la wapiga picha kama Eliaichi. Hakikungoja kuamriwa. Kilimwona fundi cherehani akijifuta jasho kwa utepe wa kupimia, kikabofya. Kilimwona mtoto analilia aisikrimu mbele ya roboti lisilojua kukopesha, kikabofya. Kila kilipobofya kilimtekenya bega, na ndani ya miwani yake ikapita bei ambayo picha ile ingepata sokoni.

Watu wa zamani wangeshangaa kusikia kwamba picha bado zilikuwa na bei. Akili unde zilikuwa zimeijaza dunia picha za kubuni. Ukitaka tembo anayesuka ukili mwezini, unampata kabla hujafumba mdomo. Lakini hiyo ndiyo sababu yenyewe. Kilichopatikana bure kilikosa heshima, na wenye hospitali, mabenki na viwanda vya akili unde wakaanza kutafuta kitu ambacho mashine haikuweza kukitunga, yaani picha ya jambo lililotokea kweli. Kila jichobega lilibeba muhuri wa nuru, alama isiyoghushika iliyothibitisha kwamba mwanga ule ulitoka kwa mtu halisi, mahali halisi. Picha zenye muhuri zilipelekwa kwenye Ghala la Nuru, na kila zilipokodishwa, mchangiaji alipata fungu lake. Wachangiaji walikuwa maelfu na wengi waliambulia hela ya chumvi. Eliaichi Mbwambo alikuwa mmoja wa wachache waliolipa pango la nyumba ya ghorofani kwa kazi hiyo peke yake.

Alilipa pia kwa namna nyingine, ila hilo hakulitia hesabuni. Hakuna aliyemjua aliyewahi kumwona ametulia. Akila, macho yalikuwa meza ya pili. Akiwa kanisani alitafuta nani analia. Msiba wa jirani ulimhuzunisha kweli, na papo hapo ulimkumbusha kwamba mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri.

Asubuhi hiyo alikuwa hajafika hata sokoni, sauti ya mama yake ikamwingia sikioni bila salamu.

"Eli, njoo stesheni. Geti limeniteka."

Bi Nambua, mama yake, alikuwa amekuja Dodoma kutembea, na siku hiyo alikuwa anarudi kwake Mamba Miamba, kule juu milimani Upareni. Alikuwa mkulima wa tangawizi, mwanamke mfupi, mpenda vitenge na mpenda ubishi. Juu ya hayo alikuwa msimamizi wa ndiva, lile bwawa la udongo ambalo wanakijiji hulijaza maji na kulifungulia kwa zamu, shamba baada ya shamba. Yeye ndiye aliyesema leo maji yanakwenda kwa nani na kesho kwa nani, na kwa ulimi wake hapakuwa na mwizi wa zamu. Jumamosi ile palikuwa na mkutano wa kugawa maji ya kiangazi. Jirani yake mmoja, Sifaeli, alikuwa ameimezea mate nafasi hiyo kwa miaka mingi, tena alikuwa na shamba chini kabisa ya mfereji na ndugu wengi.

Eliaichi alimkuta mama yake amesimama mbele ya geti la treni ya sumaku, mikono kiunoni.

"Shikamoo, Bibi Nambua," lilikuwa likisema geti kwa sauti tamu. "Tafadhali keti. Mtu wako yuko njiani."

"Marahaba. Sina mtu. Nina tiketi."

"Ni kweli, Bibi. Kiti kile pale kina kivuli."

"Nimeshakuambia ninakokwenda, nimekutajia vituo vyote hadi Same, nimekutajia na majina ya watoto wa Sifaeli, hata yule wa nje. Unataka nini tena?"

"Hongera sana, Bibi," likasema geti, wala halikufunguka.

Sauti ile ilikuwa ya Mlezi. Mlezi ndiye akili unde iliyokabidhiwa milango, majiko, lifti na mageti yote nchini, iwaangalie watoto na wazee wasipotee wala wasijichome moto. Ilisoma nyuso. Ilikuwa na adabu kuliko wajukuu wengi, na watu waliipenda, mpaka siku ilipowakataa. Eliaichi aliinamia kioo cha geti akasoma maandishi: *Hali: msahaulifu. Haruhusiwi kusafiri pekee, kutia dole gumba, wala kushika wadhifa. Taarifa imetumwa kijijini.*

"Wameandika nini?" akauliza mama yake, aliyekuwa ameacha miwani kwenye begi.

"Hitilafu tu, Mama. Twende nyumbani, nitaishughulikia."

Alikuwa ameshajua hitilafu hiyo imetoka wapi.

Miaka mitatu nyuma, alipokwenda nyumbani likizo, mama yake alikuwa ameketi kizingitini akichambua tangawizi kavu. Vumbi lake likampanda puani. Akaacha kazi. Mdomo ukafunguka kidogo, macho yakapotelea mbali, uso mzima ukawa unangoja kitu kisichokuja. Jichobega likabofya. Kisha ikaja chafya iliyowatimua kuku hadi kwa jirani, na mama na binti wakacheka mpaka wakashikana.

Sasa, kila picha iliyoingia Ghalani ilitakiwa kwenda na maneno-ndoano, maneno ambayo wanunuzi huyatumia kutafuta. Eliaichi aliandika kwanza ukweli: mama, tangawizi, chafya, Upare. Picha ikalala. Akina bibi wachangamfu walikuwa wamejaa Ghalani kama mchanga. Basi akafanya jambo ambalo wachangiaji wote walilifanya na ambalo wao kwa wao waliliita kuongeza chambo. Alifuta neno chafya, akaandika: usahaulifu, kuchanganyikiwa, upweke, maradhi ya uzee. Fungu la kwanza liliingia kabla chai haijapoa. Tangu hapo halikukoma, na nyumba ya ghorofani ilisimama juu ya picha ile zaidi ya nyingine zote.

Mama yake alikuwa ametia dole gumba la ridhaa kwa furaha. "Andika utakalo," alisema, "mradi kitenge changu kipya kionekane." Na aliposikia kwamba uso wake unatazamwa hadi ng'ambo, alitangaza kisimani, kilabuni na kanisani. Kilichoandikwa chini ya uso huo hakukiuliza, na Eliaichi hakukitaja.

Mhandisi Mwaluko wa Ofisi ya Mlezi alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye bakuli la karanga mezani. Mchana ule alimsikiliza Eliaichi, akalitazama faili la Bi Nambua kwenye kioo, kisha akaacha kutafuna.

"Dada yangu, geti halikukosea," alisema. "Na hilo ndilo baya. Lingekuwa limekosea ningelirekebisha sasa hivi."

"Mama yangu anakumbuka hata deni la chumvi la mwaka juzi."

"Naamini. Lakini sikiliza. Mlezi alizaliwa hajui uso wa mtu aliyesahau ukoje. Tukamfundisha kwa picha. Hatukutaka za kubuni, tulitaka za kweli, kwa hiyo tulikodi za Ghala, zenye muhuri wa nuru. Muhuri unathibitisha mwanga. Hauthibitishi maneno." Alisukuma bakuli kando. "Na kwa neno usahaulifu, hakuna picha iliyokodishwa kama hii ya mama yako. Akili nzima ya Mlezi imejengwa kuizunguka. Wazee wengine wanapimwa kwa kufananishwa naye. Yeye ndiye kipimo. Sasa kipimo chenyewe nitakipima na nini?"

Eliaichi alihisi joto usoni. Jichobega, lisilojua aibu, lilikuwa linambofya mhandisi na karanga zake.

"Hakuna njia?"

"Ziko mbili. Ya kwanza nyepesi. Unatia saini kuwa mdhamini wake, anavaa bangili ya uangalizi, anasafiri. Haki ya dole gumba na uongozi hatarudishiwa." Akatoa bangili ya kijivu kwenye droo, akaiweka mezani. "Ya pili, mwenye picha aje hapa akiri kwamba ndoano zake zilikuwa za uongo. Hapo sheria inaturuhusu kumsahaulisha Mlezi. Tunaung'oa uso ule na kila alichojifunza kutokana nao, na mama anarudishiwa haki zake zote, hata kijijini."

"Na mwenye picha?"

"Anafutiwa leseni ya uchangiaji, maisha. Na kuna jambo jingine. Kung'oa uso ni kama kung'oa magugu, ukiacha mzizi linaota tena. Picha zote za uso huo zitafutika, popote zilipo, na mpya hazitahifadhika. Mlezi na Ghala na hifadhi za majumbani vinakunywa kisima kimoja."

"Zote? Hata za harusi?"

"Hata za msiba wa baba yako, kama mama amesimama humo."

Mhandisi hakumuuliza ni nani mwenye picha. Huenda alishajua, jina lilikuwa limeandikwa pale pale kwenye kioo. Alimsogezea karanga. Eliaichi alichukua bangili.

"Hiki ni nini?" Bi Nambua aliuliza jioni ile.

"Ni ya muda tu, Mama. Ukiivaa, tunakwenda wote kesho."

"Ng'ombe wa mnadani ndio huvalishwa namba. Na nikifika huko nayo mkononi, Sifaeli atasema nini? Atasema, mpumzisheni, mwenzetu kachoka." Aliirusha bangili kwenye kochi. "Waambie watengeneze geti lao."

Kukiri hakukuwa rahisi, tusimwonee. Alikuwa hana ufundi mwingine, na pango lilikuwa halingoji. Siku iliyofuata alitembea mji mzima bila kujua anatafuta nini. Alishuka ngazi alizokuwa amezipanda, akaingia maduka asiyonunua kitu, akarudi, akatoka. Bega lilitekenywa na bei zikapita miwani, na kwa mara ya kwanza akatamani kulipiga lile dude kofi. Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Taarifa ya geti ilikuwa imefika kwenye kila kifaa. Mlango ulimwambia Bi Nambua apumzike. Lifti haikushuka naye. Aliposogelea jiko, likajizima lenyewe, likamsihi amngojee mtu mzima.

"Mtu mzima!" alisema. "Mimi niliyepika kwa mafiga matatu nikiwa na huyu mgongoni!"

Alicheka, lakini alipoketi, Eliaichi aliona mikono yake imelala mapajani bila kushika kitu. Hakuwa amewahi kuiona ikikosa kazi.

Kesho yake, siku mbili kabla ya mkutano, wakatoka pamoja kununua dawa ya kifua, maana bila binti yake mlango usingemtoa. Ukutani mwa duka la dawa palikuwa na picha hai, kubwa kama kanga iliyotandazwa. Picha hai ni picha ya kweli iliyopewa sauti na mwendo na aliyeikodi. Bi Nambua aliiona kwanza, akamvuta binti yake mkono.

"Ona! Kitenge changu!"

Uso wa ukutani uligeuka polepole. Mdomo uliokuwa wazi kidogo ukaanza kusema, kwa sauti nyembamba ya mtu mwingine: "Nani huyu aliyenishika mkono? Nyumbani ni wapi? Mwanangu ana jina gani?" Yakafuata maandishi ya vidonge.

Tabasamu la Bi Nambua liliondoka taratibu. Watu wawili waliokuwa wakipita walimtazama yeye, wakautazama ukuta, kisha wakampisha kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyomuumiza.

"Mimi sijasema hivyo," alisema. "Siku hiyo nilikuwa nataka kupiga chafya. Wewe ulikuwepo, Eli. Tulicheka."

"Ndiyo, Mama."

"Basi nani aliyewaambia nimesahau?"

Angeweza kusema ni wanunuzi. Angeweza kusema ni mashine, na mama asingejua. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale, baina ya uso wa ukutani na uso uliosimama mbele yake.

"Mimi," alisema. "Niliandika mimi. Chafya haikuuzika."

Binti alingoja kutukanwa, akatamani kutukanwa.

"Maneno yote ya kusema juu yangu," alisema mama yake hatimaye, "ukakosa mengine?"

Eliaichi alilia palepale dukani. Jichobega likapinda shingo kumtazama mwenyewe, likabofya, na bei iliyopita miwani ilikuwa kubwa kuliko zote za wiki ile. Aliivua miwani.

"Basi, nyamaza," alisema Bi Nambua, akimpangusa kwa ncha ya kitenge, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Mchuma janga hula na wa kwao. Haya, tumeshakula wote. Sasa vyombo ukaoshe wewe."

Wakaenda moja kwa moja kwa Mhandisi Mwaluko. Aliwasha kinasa-kauli, akamtaka mwenye picha aeleze, kwa maneno yake, uso ule ulikuwa unafanya nini siku ile.

"Alitaka kupiga chafya," alisema Eliaichi.

Mhandisi aliangua kicheko. Kisha kikamfia mdomoni, akageukia kioo chake, akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Wazee wangapi, kutoka Mpwapwa hadi Kigoma, walikuwa wamefungiwa milango na kunyang'anywa mashamba kwa sababu tu vumbi liliwapanda puani mbele ya geti? Alifikicha macho. Halikuwa kosa la mchangiaji mmoja, alijua. Ofisi yake ilikuwa imeyaamini maneno kwa sababu mwanga ulikuwa wa kweli. Lakini ofisi haina bega la kunyofoa kitu.

Jichobega lilinyofolewa na roboti dogo, likaacha duara la ngozi nyeupe. Eliaichi alitia dole gumba mara ya mwisho kama mchangiaji.

Kusahaulisha kulianza jioni ileile. Hakukuwa na kelele. Waliketi kochini, mama na binti, wakitazama picha za familia zilizokuwa ukutani. Katika ile ya harusi, baba alibaki ameinua mkono juu ya bega la hewa. Katika ile ya ubatizo, Eliaichi mchanga alielea mbele ya mlango wa kanisa bila aliyembeba. Ile ya tangawizi, aliyoitunza pembeni kabla haijawa biashara, ilibaki na kizingiti, ungo, na kuku mmoja aliyekuwa bado hajakimbia.

"Kuku wangu huyo," alisema Bi Nambua kwa sauti ndogo. "Tulimla Krismasi."

Eliaichi hakulala vizuri. Alfajiri wakaenda stesheni.

Mama alijipanga mbele ya geti, kidevu juu, akingoja shikamoo yake. Geti likamulika uso wake, likazima, likamulika tena.

"Samahani, mgeni. Hatukufahamu. Una mtu wa kukutambulisha?"

Bi Nambua akageuka kumtazama binti yake, macho yameng'aa kwa kitu baina ya hasira na ushindi.

"Umesikia? Juzijuzi tu lilikuwa linajua jina langu na la ukoo. Hao ndio waliosema msahaulifu ni mimi!"

Ikabidi atafutwe mtu. Karani wa stesheni, ambaye kwa muda mrefu hakuwa na kazi ila kufuta vumbi kwenye vioo, alitoka akiwa na kalamu, akauliza jina, akauliza ukoo, akauliza anakokwenda na anakwenda kufanya nini. Alijibiwa yote, pamoja na habari za Sifaeli ambazo hakuziuliza. Akaandika tiketi kwa mkono. Ingekuwa hivyo tangu sasa, aliwaambia. Kila mlango nchini utamwona mama huyu kama mgeni, na kila mara itabidi mtu aseme ni nani. Bi Nambua akasema kule ndivani milango haiulizi kitu, wanamjua kwa kelele.

Kwenye jukwaa, upepo wa Dodoma ulikuwa umebeba vumbi jekundu. Bi Nambua aliweka mguu mlangoni mwa treni, akasimama ghafla. Mdomo ulifunguka kidogo. Macho yakapotelea mbali. Uso mzima ukangoja.

Bega la Eliaichi likashtuka lenyewe, mkono ukaruka kulishika, ukakuta ngozi tupu. Hapakuwa na kitu cha kufanya ila kuangalia. Akaangalia. Akaona kovu dogo juu ya nyusi, nywele mbili nyeupe kidevuni, na jino la pembeni lililovunjika ncha, vitu ambavyo jichobega lilikuwa limeviona mara elfu na yeye hakuwahi.

Chafya ikaja. Njiwa wakaruka paa zima.

"Pole, Mama."

"Asante. Kwaheri, mwanangu. Tafuta kazi ya kuketi chini."

Wakakumbatiana. Eliaichi akaondoka haraka, kama alivyozoea kuondoka mahali popote. Alikuwa amefika katikati ya ngazi alipojaribu kuuita tena uso ule kichwani. Kovu lilikuja. Nywele za kidevuni zilikuja. Jino halikuja. Lilikuwa la kulia au la kushoto? Alisimama, mkono kwenye bega. Hakukuwa na mahali popote duniani pa kwenda kulitazama.

Akageuka, akapanda ngazi mbio, akawasukuma watu. Treni ilikuwa haijaondoka. Mama yake alikuwa bado mlangoni, akigombea nafasi ya begi lake.

"Eli! Umesahau nini?"

"Jino lako, Mama," alisema akihema. "Lililovunjika. Ni la upande gani?"

Bi Nambua alimtazama. Mlango ukaanza kujifunga. Akasogea karibu na kioo, akapanua mdomo wote bila aibu mbele ya abiria, akaligusa jino kwa kidole, akabaki hivyo hivyo, mpaka treni ikaondoka.